Sekunde Nne za Siku ya Wazazi: uchambuzi wa kisa cha shule moja ya Lamu

Klipu yenyewe ilikuwa ya sekunde nne. Msichana wa kidato cha pili amesimama mbele ya wazazi, mtandio mweupe, karatasi mkononi, anatangaza washindi wa shindano la insha. Anataka kusema "watu watatu". Woga unamshika, ulimi unamrudisha kwao visiwani, na kinachotoka ni "wachu wachachu".

Siku ile hakuna aliyeshtuka. Wengi wa wazazi waliokaa chini ya turubai walikuwa wametoka visiwa vya kaskazini, na kwao msichana hakukosea, alihesabu kama wanavyohesabu nyumbani. Mzazi mmoja alikuwa akirekodi kwa simu. Kwa furaha tu, akaituma video nzima kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ilipofika Ijumaa mtu alikuwa amezikata zile sekunde nne. Jumapili usiku zilikuwa TikTok, zimeshageuzwa sauti ya kuigiza: unainua vidole vitatu, unapinda mdomo, unatamka pamoja naye.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule hiyo, na ndiye niliyepewa dhamana ya ushauri nasaha. Jina la msichana silitaji, wala la shule, wala kijiji chao, na mambo madogo madogo nimeyabadili ili asitambulike. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi "mlifanyaje?", na jibu la haraka, kwamba tuliwaachia wanafunzi na wanafunzi wakalimaliza, lingewapotosha. Wanafunzi walipolishika mara ya kwanza walimuumiza. Sisi watu wazima tulikuwa tumemuumiza kabla yao.

Wiki ya kwanza

Jumatatu asubuhi naibu wa mwalimu mkuu alisimama kwenye paredi amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Akaonya kwamba Kenya ina sheria ya makosa ya mitandao tangu mwaka 2018, kwamba kumdhalilisha mtu mtandaoni ni jinai, na kwamba yeyote atakayeonekana akifanya "hii wachu wachachu" atakabidhiwa polisi. Alilitamka neno lenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya shule nzima. Paredi iliangua kicheko. Msichana alikuwa mstari wa tatu.

Usiku ule video ziliongezeka, na sababu si ngumu kuiona. Wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao hawakuwa wameiona klipu walikwenda kuitafuta. Mkubwa anaposimama na kutangaza kwamba "wengi wenu mnafanya jambo hili", anayesikia hachukui onyo peke yake, huchukua pia habari kwamba wengi wanafanya. Asiyekuwamo hujiona ameachwa nyuma.

Siku mbili baadaye wasichana wa klabu ya ushauri rika, watoto wema kabisa, waliingilia kati. Walitengeneza bango zuri la rangi lenye picha ya mwenzao, jina lake la kwanza, na maneno "Tuko nawe". Wakaliweka kwenye stetasi zao, na wengine wakalipeleka TikTok. Wenzao wakaligawa kwa mapenzi. Niliposikia nilifurahi. Nilikuwa bado sijazungumza na msichana mwenyewe, nikidhani kumwita ofisini kutamwongezea aibu. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki.

Alikuja mwenyewe saa ya chakula cha mchana. Hakukaa. Alisema sentensi moja: "Mwalimu, walokuwa hawanijui sasa wanijua."

Kabla ya bango, wageni walikuwa wakiicheka sauti. Baada ya bango, sauti ilipata uso na jina. Vijana waliokaa barazani njia ya Langoni walianza kuinua vidole vitatu akipita. Wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula, ndani ya boti ya kurudi kwao, mtoto wa miaka sita au saba aliinua vidole vitatu na kulitamka lile neno akicheka, bila kujua kwamba mwenye sauti amekaa ubao wa pili kutoka kwake. Mama wa msichana aliniambia kwamba tangu boti ile binti aliacha kusema hata nyumbani. Darasani alikuwa akijibu kwa kuandika. Akaanza kuomba uhamisho.

Hapa pwani tuna neno sitara. Wazee wetu walilichukulia kwa uzito: ukiona mwenzio amefunguka nguo, wavua kilemba chako umfunike, hupigi kelele kuwaita watu waje wamhurumie. Bango la "Tuko nawe" lilikuwa kelele ya huruma. Lilitoka moyoni, na lilimvua sitara mara ya pili. Nilipowaeleza wale wasichana wa klabu kwa neno hilo hawakuhitaji mhadhara. Mmoja alifuta bango tukiwa bado tunazungumza.

Alichotaka yeye

Alipotoka likizoni nilimwita, tukakaa ukumbini karibu na ngazi, kwa vile ofisini kila mtu huchungulia. Nilimuuliza kitu ambacho ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: wataka nini? Alifikiri muda mrefu. Kisha akayataja mambo yake kama mtu aliyeyaweka tayari. Jina lake lisitajwe tena na mtu yeyote kwa ajili hii, awe mwalimu au rafiki. Hataki mtu aje kumwomba radhi mbele za watu, maana hapo atalazimika kusamehe huku akiangaliwa. Vidole vikome. Na hataki kuonewa huruma.

Niliyaandika kwa maneno yake, nikamsomea, akarekebisha moja. Karatasi ile ndiyo iliyotuongoza miezi miwili iliyofuata. Kila wazo zuri lililoletwa na mwanafunzi au mwalimu tuliliweka kando ya karatasi ile kwanza. Mawazo mengi mazuri yalianguka hapo. Shule ilitaka kuweka kwenye ukurasa wake wa Facebook picha ya wanafunzi wameshikana mikono, yeye katikati. Lilianguka kwa karatasi, na lingeanguka kwa sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Baba yake alikuwa akitaka kwenda polisi. Nilimweleza kwamba haki hiyo anayo na hakuna atakayemzuia. Yeye na binti wakazungumza usiku mmoja, wakaamua kungoja.

Nani hufuatwa na nani

Sasa nani wa kuongoza? Kila shule ina jibu lililo tayari: viranja, na klabu. Nami ningewachukua hao hao kama nisingekuwa nimesoma juu ya utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016. Elizabeth Levy Paluck na wenzake wawili walifanya kazi katika shule 56 za jimbo la New Jersey, zenye wanafunzi wapatao 24,000. Hawakuwauliza walimu nani ni kiongozi. Waliwataka wanafunzi wenyewe waandike majina ya wenzao 10 ambao hupenda kuwa nao. Kisha katika nusu ya shule hizo kikundi kidogo cha wanafunzi kilisaidiwa kubuni njia zao wenyewe za kupinga uonevu. Kesi za ugomvi baina ya wanafunzi zilizofika kwa walimu zilipungua kwa kiasi cha asilimia 30 katika mwaka, na athari ilikuwa kubwa zaidi pale kikundi kilipokuwa na wengi wa wale waliotajwa mara nyingi na wenzao.

Nikafanya jambo hilo kwa namna ya kimaskini. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu niliwapa vikaratasi: andika majina ya watu unaopenda kukaa nao, usiandike lako. Nilivihesabu nyumbani usiku ule, na orodha iliyotoka iliniondolea usingizi. Kiranja alikuwa mmoja tu. Wengine walikuwa golikipa wa timu ya shule; msichana anayewasuka wenzake nywele bwenini kila Jumamosi; msichana kimya kabisa ambaye daftari lake la hesabu huzunguka darasa zima; mtoto wa nahodha, mtundu, aliyewahi kusimamishwa masomo. Na kijana mmoja hodari wa kukata na kuunganisha video za mpira, ambaye nusu ya shule ilikuwa ikimfuata TikTok. Huyo wa mwisho ndiye aliyezikata zile sekunde nne.

Naibu alikataa katakata. Aliona tunampa mwizi funguo za duka. Sikumwona mkaidi, kwa sababu hata mimi nilisita. Nilimpelekea swali hili msichana, kwa kuwa karatasi ilikuwa yake. Alinyamaza, akasema, "Yeye ajua zilikokwenda." Kisha akaongeza kwamba asije akazungumza naye.

Basi tukamwita.

Mkutano wa kwanza kijana hakusema neno. Alikaa karibu na mlango. Niliwaambia wote kwamba hakuna atakayeulizwa nani alianza, na kwamba jina la mtu halitatajwa chumbani humo, la mkosaji wala la mkosewa. Tulizungumza juu ya jambo lenyewe kama ugonjwa ulioingia mjini. Mwisho wa mkutano aliinua mkono, akauliza: "Mtu akiifuta ya kwanza, zile nyingine hufutika?" Nilimwambia sijui kuliko yeye. Akatikisa kichwa. "Hazifutiki. Watu washazishusha."

Mkutano wa pili yeye ndiye aliyetufundisha. Alieleza, kwa lugha ambayo mimi nisingeipata, kwamba mtandao ule haujui kuchukia wala kupenda. Unahesabu. Video iliyoangaliwa hadi mwisho, iliyorudiwa, iliyotiwa komenti, iliyotumwa kwa mwingine, hupelekwa kwa watu zaidi. Anayeandika "acheni ujinga" chini yake ameitia komenti sawa na anayeandika "hahaha". Wale waliokuwa wakimtetea msichana kwa ukali kwa wiki mbili walikuwa wakiisukuma video mbele kama mashua iliyokwama mchangani. Golikipa, ambaye alikuwa ameandika komenti nyingi za kutetea, aliinamisha kichwa.

Kuna jambo kijana huyu alilisema mwenyewe, na mimi sikumtegea. Bibi yake mzaa mama ni Mbajuni, mtu wa visiwa vile vile vya kaskazini. Humwita "nchu wangu", yaani mtu wangu. Alikuwa amekata ile klipu usiku, akicheka, na bibi yake amelala chumba cha pili, na hakuona uhusiano wowote. Sitaki kulifanya hili toba kubwa. Hakulia, hakuomba radhi. Alisema hivyo, akarudi kwenye orodha aliyokuwa akiiandika ya akaunti zote alizozijua.

Mlango kwa mlango

Walichokifanya wanafunzi kilikuwa na sura mbili, na ya kwanza haikuonekana na mtu. Waligawana orodha. Kila mmoja alichukua majina ya watu anaowajua ana kwa ana, na sharti waliloliweka wenyewe lilikuwa: usiende kwa usiyemjua, na usiende wawili. Msusi alizungumza na wateja wake kichwa kikiwa mikononi mwake. Golikipa aliwapata wenzake baada ya mazoezi. Hawakubeba hotuba. Waliomba tu: ifute, na vidole uache. Hawakumtaka mtu aeleze kwa nini aliweka, wala aandike pole. Kumpa mtu nafasi ya kurudi nyuma bila kuonekana akirudi nyuma, hiyo pia ni sitara, na waliigundua wao. Mimi nilikuwa nimeandaa fomu ya ahadi ya kutia sahihi, nikairarua.

Video nyingi za wanafunzi wetu ziliondoka ndani ya wiki moja. Waliogoma walikuwapo, hasa wale waliokuwa wamepata wafuasi kwa sababu yake. Akaunti za watu wasiojulikana, nyingi zikionekana ni za Mombasa, ziliripotiwa kupitia kitufe cha TikTok chenyewe, kwa kuchagua kipengele cha uonevu. Baadhi ziliondolewa, baadhi hazikuondolewa. Tuligundua pia kwamba watoto kadhaa wa darasa la sita walikuwa na akaunti za umri wa uongo. Umri wa chini wa TikTok ni miaka 13, na tangu Januari 2021 akaunti za walio kati ya miaka 13 na 15 huwa za faragha tangu kufunguliwa, video zao haziwezi kuunganishwa na za watu wengine. Kinga hiyo haimsaidii mtoto aliyejiandika ana miaka 20. Wazazi wengi hawakuwa wakijua, na mkutano wa wazazi wa muhula ule tuliutumia kwa jambo hilo tu, simu mkononi, mzazi na mtoto wamekaa pamoja.

Neno la kwa bibi

Sura ya pili ilitokana na dharau iliyowageukia wenyewe. Klipu ilipofika Mombasa, wacheshi wa huko hawakutofautisha Mbajuni na Mwamu, yaani mtu wa mji wa Lamu. Waliwacheka "watu wa Lamu" wote, na wakaanza kuyaigiza maneno ya mjini kwetu: nti, tini, mtele. Watoto wa mtaa wetu wa Mkomani waliokuwa wakiinua vidole vitatu wiki ya kwanza walijikuta nao wanachekwa. Mtoto wa nahodha alikuja darasani kwangu ameghadhabika. "Mwalimu, kwani nti ni makosa?"

Nililiacha somo la siku ile nikajibu swali lake, na nikiwa mwalimu wa lugha naomba niruhusiwe kulikalia kidogo. Anayesema "nchi" kwa Kiswahili sanifu, Mwamu husema "nti". Chini huwa tini, mchele huwa mtele. Mwamu huitoa "ch" akaweka "t". Mbajuni, kwa lahaja yake ya Kitikuu, huenda njia ya pili: "t" huwa "ch", mtu akawa nchu, tatu ikawa chachu. Majirani wawili wa bahari moja, kila mmoja kwa kanuni yake, na kanuni hiyo si jambo la bahati. Huo ndio utaratibu wa lugha. Kiswahili sanifu nacho kilichaguliwa: katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilikubaliwa msingi wake uwe Kiunguja, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ili vitabu vya shule viwe na lugha moja. Ulikuwa uamuzi wa vitabu. Hakuna aliyekaa Mombasa akaamua kwamba bibi wa Kizingitini anakosea akimhesabia mjukuu wake. Na Mwana Kupona, mshairi wa Pate, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alitunga kwa lugha ya huku kwetu, na hadi leo watu wazima husafiri kuja kuisoma.

Darasa lilikuwa kimya. Wazo halikuwa langu. Msichana wa daftari la hesabu ndiye aliyesema: kila mtu aende kwao, amwombe mzee neno moja ambalo halimo kitabuni, alirekodi kwa sauti yake mwenyewe na alieleze. Wakaliita "Neno la kwa bibi".

Waliyobishana zaidi ni mahali pa kuliweka. Kijana wa video alitaka TikTok, kwa hoja kwamba moto uliwaka huko. Kiranja alipinga: sauti ikiwekwa hapo, kesho itakatwa sekunde nne nyingine. Walikubaliana stetasi ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24 na huonwa na wale tu mliohifadhiana namba. Sauti tu, na picha ya kitu: nyavu, mkeka, kinu, tanga. Sura ya mtu isiwepo. Klipu ya awali isitajwe popote. Anayeisikia asijue kwamba ni jibu la kitu. Naibu, ambaye alikuwa ameshasogea karibu nasi bila kusema, alitoa sharti lake moja: wafanye wikendi wakiwa nyumbani, maana simu shuleni ni marufuku na ataendelea kuzikamata. Tukakubali.

Wikendi mbili maneno yalijaa. Majina ya pepo na mikondo ya maji, majina ya samaki ambao mimi nawaita kwa jina moja na Mbajuni ana majina mawili, maneno ya kumtuliza mtoto. Kisha pakatokea doa. Kijana mmoja, badala ya kusema mwenyewe, alirekodi sauti ya bibi yake bila kumwambia, na binamu yake akaichukua akaichekea kwenye kundi jingine. Golikipa na kijana wa video walikwenda kwao Wiyoni siku hiyo hiyo, wakakaa na yule bibi, wakamweleza kilichotokea na kumwomba radhi. Bibi alitaka kujua tu kama alisema neno sawasawa. Sharti la "sauti yako mwenyewe" liliandikwa upya kwa herufi kubwa.

Kwa nini hili lilishika na yale hayakushika

Mwaka 2021, Septemba, wanafunzi wa Marekani walikuwa wakishindana TikTok kuiba na kuvunja vifaa vya vyoo vya shule. Wenzao wakaanzisha kinyume chake, wakaacha sabuni, karatasi na hata pesa vyooni. Lilikuwa jambo la kupendeza, na kuligeuza shindano kuwa zuri ni rahisi pale ambapo kilichoharibiwa ni kifaa. Pale kilichoharibiwa ni mtu, kinyume cha moja kwa moja humrudisha yeye yule jukwaani. Ndiyo maana nauona mfano wa Kanada kuwa karibu zaidi na wetu. Mwaka 2007, huko Nova Scotia, mvulana mgeni alionewa kwa kuvaa shati la waridi. Wanafunzi wawili wa darasa la mwisho, David Shepherd na Travis Price, walinunua mashati 50 ya waridi wakayagawa. Hawakulibeba jina la mvulana wala picha yake. Waliifanya rangi iwe ya watu wengi kiasi kwamba haikumfaa tena mtu kumchekea mmoja. Na walikuwa wakubwa wa shule, watu wa kufuatwa. "Neno la kwa bibi" lilifanya hivyo kwa matamshi. Ilipofika wikendi ya pili, kusema nchu hakukuwa tena alama ya msichana mmoja.

Kuna upande ambao sikuutarajia, na ningependa mwalimu mwenzangu ausome kwa makini kuliko yote. Watoto hawa wakishaonekana kuwa ni watu wa kusikiliza, huletewa mambo. Msusi alikuja kwangu usiku mmoja anatetemeka. Mteja wake mmoja alimwambia kwamba mtu mzima mtandaoni anamdai picha. Alikuwa ameishi na siri hiyo siku tatu kwa sababu aliahidi kunyamaza. Nilimkosea kwa kutomwambia mapema kwamba ahadi ya namna hiyo asiitoe. Jambo lile lilifika kwa afisa wa watoto asubuhi iliyofuata, na tangu siku hiyo kikundi kina mstari ulio wazi: kicheko, klipu, ugomvi, hayo ni yenu; mtu mzima, picha za mwili, vitisho, au mwenzenu anayezungumza habari ya kujiumiza, hayo huletwa kwangu siku hiyo hiyo, na ikiwa sipatikani hupigwa 116, namba ya bure ya watoto inayojibiwa usiku na mchana. Tumeiandika nyuma ya mlango wa kila bweni.

Golikipa naye aliitwa kibaraka wa walimu kwa muhula mzima. Alivumilia, lakini nilimwona akipungua furaha. Muhula uliofuata nilimpumzisha, akapokewa na mwingine. Mtoto wa miaka 16 hawezi kubeba shule.

Msichana hakuhama. Hakutangaza kitu tena muhula ule, na hakuna aliyemwomba. Katika wiki ya tisa nilikuwa nikiuliza swali la ngeli, nikampita kama nilivyozoea kumpita ili asilazimike, naye akajibu kwa sauti kutoka nyuma yangu. Jibu lilikuwa sahihi. Darasani hakuna aliyegeuza shingo, nami nikaendelea kuandika ubaoni kwa sababu sikutaka wanione uso.

Video moja iliyobebwa na akaunti ya ugenini bado ipo. Kijana wa video huiripoti kila Ijumaa, na Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, hupita mlangoni kwangu. Simuulizi. "Bado, Mwalimu," husema, akaenda darasani.